Kucha za Watoto wa Manga

Safari hii niliianza kwa hasira. Ndugu zangu wa Kisii mjini mnanijua, sina haja ya kujipamba mbele yenu. Ilikuwa miaka michache baada ya vita, nami nilikuwa nikifundisha darasa la nne katika skuli ya mjini. Siku moja mkaguzi alikuja kuwatahini watoto kutoka skuli za vijijini. Akamsimamisha mmoja, akamwuliza sumaku ni nini. Mtoto akajibu bila kukwama hata mara moja, maneno yaleyale ya kitabuni, akamaliza na kushusha pumzi. Mkaguzi akatoa sumaku mfukoni, akamwekea kiganjani, akamwuliza, na hiki je? Mtoto akakigeuza huku na huku, akasema ni kipande cha jembe.

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani kicheko kile kikanikaa rohoni vibaya. Mtoto yule hakuwa mjinga hata kidogo. Walimu ndio tuliomkaririsha maneno kama dua, tukasema tumemfundisha. Na katika kabati la skuli yetu, wakati huohuo, lilikuwako sanduku la mbao lenye hadubini moja, sumaku mbili, vioo vya kukuzia, kipimajoto na bilauri sita, limetiwa kufuli, linafunguliwa akija mgeni wa heshima. Nikaenda ofisi ya elimu nikaomba wiki mbili nilipeleke vijijini, watoto washike kwa mikono yao. Bwana mkubwa wa pale akakubali. Akasema hadubini ile ikivunjika, nisihangaike kurudi kazini.

Jumatatu alfajiri niliondoka Kisii. Sanduku nililifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba za mkonge, katikati ya mablanketi mawili. Mama yangu alisimama mlangoni na mtandio wake, akanipa mikate ya kumimina iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akanisomea dua. Mama alizaliwa na kukulia huko milimani kabla ya kuolewa na baba, mfanyabiashara wa nguo, na kusilimu. Ndiyo maana Kigusii nakisema kama mtu wa huko. Hili nalitaja mapema kwa sababu linaniongezea kosa.

Birongo nilifika saa nne, matope yamenifika magotini. Ilikuwa siku ya soko, na watu waliposikia kwamba sanduku lina kioo cha kumwonyesha mtu wadudu waliomo ndani ya maji, nusu ya soko ilinifuata hadi skulini. Mwalimu wa pale akawatoa nje watu wazima kwa upole, nao wakabaki madirishani. Sheria yangu ilikuwa moja, na niliitaja kila skuli: hakuna kusema kitu kabla ya kukishika. Tulichota udongo wa njiani tukaupitishia sumaku, watoto wakaona chembe za chuma zikisimama juu yake. Tulifunika mshumaa kwa bilauri, ukazimika, na kila mtoto akataka kuuzima wa kwake. Kisha tukaweka tone la maji ya kijito chini ya hadubini. Msichana wa kwanza kuangalia aliruka nyuma, akasema kule ndani kuna mtu anaogelea.

Siku mbili nilikaa Birongo, na niliondoka kichwa kimevimba. Nasema kweli. Nilikuwa nikipanda mlima huku nasukuma baiskeli, najiambia kwamba nchi hii ilikuwa ikinisubiri mimi tu.

Manga, Jumatano alasiri. Ukiwa juu ya ule mgongo wa mlima unaona mashamba ya wimbi na migomba yakishuka pande zote, na ukungu ukikaa bondeni hadi jua lipate nguvu. Skuli ilikuwa nyumba ya udongo yenye paa la nyasi na viti vya magogo yaliyopasuliwa. Mwenyeji wangu alikuwa Mwalimu Ombati, mtu mrefu, mpole, mwenye koti moja alilolivaa kila siku, vifungo vyote vimefungwa. Alijua mimi ni Mwislamu, akaniletea kuku hai na kisu nichinje mwenyewe. Tukala na ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, na mkewe akacheka kuona ninavyoifahamu mboga ile chungu.

Alhamisi ilikuwa siku ya somo la mwili. Nilikusudia mema. Chini ya kucha za watoto hukaa uchafu, na katika uchafu ule mara nyingi hukaa mayai ya minyoo ambayo jicho tupu haliyaoni. Nikampa kila mtoto kipande cha karatasi. Akate ukucha mmoja, ang'oe unywele mmoja ili tuone mzizi wake, aviweke ndani, akunje, aandike jina lake na la baba yake. Mpango wangu ulikuwa kuviangalia kimoja kimoja, kisha nipeleke orodha ya majina kwenye zahanati ya mjini ili kila mwenye minyoo atumiwe dawa yake. Chuoni tulifundishwa hivyo, kwamba kitu kisicho na jina ni takataka.

Ombati alinisogelea wakati watoto wakiandika. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama karatasi zile zitabaki pale skulini. Nikamwambia nitakwenda nazo. Akauliza, na majina? Nikamwambia na majina, ndiyo. Akavuta koti lake, akawaangalia watoto, akarudi mahali pake. Mimi nilikuwa mgeni wake, nina barua ya ofisi mfukoni, na nilikuwa nimemjibu kwa haraka ya mtu mwenye kazi.

Miongoni mwa watoto alikuwamo msichana aitwaye Kwamboka, wa miaka tisa au kumi, aliyelelewa na bibi yake. Huyo ndiye aliyeangalia kwenye hadubini kwa muda mrefu kuliko wote. Nywele zake hazikuwa zimenyolewa karibuni, na unywele wake ulionekana vizuri, na kile kinundu cheupe cha mzizi mwishoni. Akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu ya ualimu sijaulizwa na mtoto mwingine. "Mwalimu, huu unywele bado ni mzima huko ndani, ama umekufa?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Umekufa." Nikafunga somo, nikapanga karatasi zangu thelathini na moja ndani ya kopo la biskuti, na asubuhi ya Ijumaa nikaondoka nalo.

Magwagwa nilifika jioni, baada ya kuteremka na kupanda hata nikasahau hesabu ya vijito. Breki ilikatika njiani na nilitembea saa mbili nzima nikiizuia baiskeli kwa kifua. Jumamosi na Jumapili nilipumzika kwa fundi cherehani mmoja wa sokoni, Mwislamu mwenzangu, na Jumatatu nikaingia darasani. Watoto wa Magwagwa walikuwa wengi na wakali wa maswali. Nilipofika kwenye somo la mwili nikataka kuwaonyesha unywele mzuri kabla hawajang'oa wao. Nikafungua karatasi ya Kwamboka, nikauweka unywele wake kwenye kioo. Wakapokezana. Sheria yangu ilikuwa washike, basi wakashika. Wa mwisho aliponirudishia kioo, hakikuwa na kitu. Niliona, nikasema haidhuru, nywele ziko nyingi; za kwao nikaacha kuzikusanya hadi Jumatano.

Jumanne mchana, watoto wakiwa katikati ya mshumaa na bilauri, nilimwona Ombati mlangoni. Alikuwa ametoka Manga kwa miguu usiku haujaisha. Koti lilikuwa limefunguliwa vifungo vyote, na hilo peke yake lilinistua. Nikawapa watoto mapumziko, nikamkalisha, nikamletea maji. Akanywa yote ndipo akaniambia.

Kwamboka alikuwa amelala ameelekea ukutani tangu siku niliyoondoka. Hana homa, haharishi, haumwi popote. Hali chakula tu. Alimwambia bibi yake kwamba mwalimu wa mjini amechukua unywele wake na ukucha wake na jina lake, ameweka kwenye kopo, na kwamba alipomwuliza alijibiwa umekufa. Bibi akazunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza akina mama kama na watoto wao walitoa. Akakuta wote walitoa. Jumatatu skulini walifika watoto wanne, na watatu kati yao ni wa Ombati mwenyewe.

Enyi mnaosoma, labda hamjui, nami sikuwa na haki ya kutojua. Kule milimani mtu akitaka kumloga mwenzake hutafuta hicho hicho: unywele, ukucha, kitu kilichotoka mwilini. Mchawi hukiiba kwa siri na kwa shida. Mimi niliingia mchana kweupe, nikapewa mkononi na watoto thelathini na mmoja, kisha nikaandikisha na jina la baba ili pasiwe na makosa.

Naona haya kusema nilichofanya kwanza. Nilimfokea Ombati. Nilimwambia yeye ni mwalimu, amesoma, vipi anatembea tangu usiku kuniletea habari za ulozi. Nikamweleza minyoo, mayai, zahanati, dawa za bure. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole alichojifunzia skuli:

"Mwalimu, wewe ulisema hakuna kuamini kitu kama hujashika. Hao mama nao wanataka kushika. Karatasi iko wapi, wanauliza. Nitawajibu nini?"

Nikakumbuka uani kwetu Kisii, nyuma ya choo, mama akichimba kishimo kwa kijiti kila Ijumaa baada ya kutukata kucha, anazifukia na kukanyaga. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Nilijiona bure kabisa. Ombati alikuwa ameniuliza mapema, akanyamaza kwa adabu, na sasa akina mama walikuwa wanamwuliza yeye kwa sababu ndiye aliyenifungulia mlango. Aliniambia wameanza kuzungumzia nyumba yake, na hakueleza zaidi. Nyumba zimechomwa milimani kwa maneno machache kuliko hayo.

Nikafungua kopo kuzihesabu karatasi. Thelathini na moja zilikuwamo. Ndipo nikaikumbuka ya Kwamboka. Ukucha ulikuwamo, unywele haukuwamo. Tulifagia darasa lile kwa mikono, mimi na Ombati, tumepiga magoti juu ya vumbi la miguu ya watoto sitini. Nywele tulizipata, nyingi, fupi, nyeusi, hakuna mtu duniani angeweza kusema upi ni wa nani.

Njiani kurudi Manga, Jumatano, Ombati alitangulia na baiskeli, mimi nikibeba kopo. Kwenye kijito kimoja nilibaki nyuma, nikang'oa unywele mmoja kichwani mwangu, nikautia ndani ya karatasi ya Kwamboka, nikaikunja vizuri. Nilijiambia ni kwa ajili ya mtoto. Mtoto akila, nani ameumia? Nilitembea kilima kizima nikijirudia hivyo.

Manga, saa tisa mchana. Akina mama walikuwa wamekwisha kuketi nje ya skuli, na hakuna aliyenijibu salamu yangu. Nikaweka kopo chini, nikaanza kusoma majina. Mama mmoja mmoja alikuja, akapokea kwa mikono miwili, akafungua, akaangalia, akafunga tena na kuondoka zake bila kunitazama. Sijapata kufanya kazi ndefu kama ile. Ikabaki karatasi moja. Bibi yake Kwamboka akainuka, mwanamke mfupi, mkavu, shanga shingoni, akasimama mbele yangu na kunyosha mkono.

Nilikuwa na uwongo wangu tayari, umekunjwa vizuri. Nikamtazama Ombati, alikuwa amevaa koti lake tena, amefunga vifungo vyote, ananiamini. Mkono wangu ukakataa. Nikamwambia bibi kwa Kigusii, na wote wakasikia, kwamba ukucha ni wa mjukuu wake, lakini unywele ni wangu. Wake nimeupoteza Magwagwa kwa uzembe, nimeutafuta sikuuona, nikataka kumdanganya.

Nyuma yangu mtu mmoja aliguna. Bibi aliifungua karatasi, akautoa unywele wangu, akauinua kwenye mwanga, akautazama kama alivyofanya mjukuu wake siku ile kwenye hadubini. Kisha akaniuliza ukucha wangu uko wapi.

Sikuelewa. Akarudia, kama unavyomrudia mtoto mzito. "Umekwenda na wa mjukuu wangu. Acha wako. Uache unywele na ukucha, na jina, na jina la baba yako."

Ombati akataka kuingilia, nikamzuia. Nikaomba wembe. Nilikata ukucha wa kidole gumba mbele yao wote, kwa woga, mimi niliyekwisha kuwaambia watoto wa skuli tatu kwamba ukucha ni kama pembe ya ng'ombe tu, hauna uhai. Nikauweka pamoja na ule unywele kwenye karatasi mpya, nikaandika: Idi bin Feruzi. Bibi hakujua kusoma. Alimpa Ombati amsomee, na aliposikia jina la baba limo, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la nguo yake.

Akanichukua hadi nyumbani kwake. Ndani mlikuwa na giza na moshi, na Kwamboka amelala kwenye ngozi, amegeukia ukuta, mabega yametokeza. Bibi akamgusa, akamwonyesha karatasi, akamwambia, huyu ameacha wa kwake kwangu. Mtoto akageuka polepole. Midomo ilikuwa imepasuka. Akaishika karatasi, akaifungua mwenyewe, akaangalia. Halafu akaniangalia mimi.

"Na huu wako umekufa?"

Nilichuchumaa. Kitabu kilinipa jibu moja na kifua changu kikanipa jingine. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Siku ile nilikujibu haraka. Sijui."

Akafikiri. Akamrudishia bibi yake karatasi. Bibi akaleta uji wa wimbi kwenye kibuyu kidogo, na Kwamboka akanywa, akatua, akanywa tena. Nilitoka nje nikalia kama mtoto, nikisingizia moshi. Ombati alikuwa amesimama uani, na aliponiona hivyo akageuka upande wa pili ili nisione haya.

Kisii mjini nilirudi Ijumaa, hadubini ikiwa nzima. Orodha ya minyoo sikuwa nayo, na katika ripoti niliandika kwa nini, bila kujitetea. Bwana wa elimu aliisoma, akaniuliza kama kweli niliwaachia washenzi ukucha wangu. Nikamwambia niliwaachia wenyeji wangu. Sanduku likarudi kabatini hadi mwaka uliofuata. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa nini sikumwuliza yeye, akaenda jikoni.

Miezi mitatu baadaye nilishikwa na malaria kali. Malaria naijua; nimewaonyesha watoto viluwiluwi vya mbu kwa mamia, nimewaambia homa inatoka wapi na inakwenda wapi. Mganga wa hospitali alinipa kwinini, nami nikailaza chini ya mto bila kuimeza. Siku ya pili, nikitetemeka chini ya mablanketi, nilimtuma mtu aliyekuwa akipanda Manga aulize kama karatasi yangu bado ipo. Nilimwambia aulize kwa siri. Sikutaka mtu wa mjini ajue.

Siku ya nne ikaja barua, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi iliyochanwa daftari la skuli, herufi kubwa, zimepinda kidogo kushoto. Ilisema hivi:

"Mwalimu Idi. Bibi anasema karatasi yako iko, iko mahali kavu, hakuna mtu ameshika. Anasema umeze dawa. Ni mimi Kwamboka, darasa la tatu."

Nikaomba maji, nikaimeza.